Barua za Leokadia na Kurasa Nilizoziruka

Mwanangu, nakumbuka Jumapili moja alasiri kuliko ninavyoikumbuka hata siku niliyoolewa. Ilikuwa miaka ya hamsini, bendera ya Mwingereza bado inapepea bomani, nami msichana wa miaka ishirini. Nilikuwa nimesimama jukwaani katika ukumbi pale Mnazi Mmoja, nimevaa khanga mpya, wimbo wangu nimeumaliza, nangoja makofi. Makofi yakaja, tena mengi, watu wakasimama na kupanda juu ya mabenchi. Lakini hayakuwa yangu.

Kabla hujaanza safari yako, nitakueleza yalikuwa ya nani, na nilifanya nini baada ya hapo. Sikuwahi kuyasema haya mbele ya wajukuu zangu, maana hakuna anayependa kuwaonyesha watoto kovu alilojichanja mwenyewe. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi sasa umri umekwenda, sina wa kumwonea haya.

Mimi ni Mwajuma binti Selemani, mzaliwa wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Baba yangu aliuza papa na ng'onda sokoni, na harufu ile ilitangulia kuingia nyumbani kabla yake. Nilisoma mpaka darasa la sita, jambo ambalo kwa binti wa mtaa wetu siku zile halikuwa dogo. Nilikuwa na sauti, nilikuwa na umbo, na nilijua kwamba ninavyo. Hilo la tatu ndilo lililoniponza.

Mtaani kwetu alikuwepo mwalimu mmoja wa shule, mtu wa Kusini, tukimwita Mwalimu Chilemba. Aliwakusanya vijana akaunda kikundi cha michezo ya kuigiza. Tulifanya mazoezi uani kwake, na mara moja kwa mwezi tukicheza Mnazi Mmoja mbele ya watu. Kama mchezo una bibi harusi, bibi harusi ni mimi. Kama una malkia, malkia ni mimi. Nilikuwa nikipita mtaa wa Gerezani vijana wa gereji wananiita kwa majina ya michezoni, nami najifanya sisikii huku nimepunguza mwendo.

Basi mwaka mmoja akaja Leokadia. Alitoka Masasi na mama yake, baba amekufa, wakapanga chumba cha uani katika nyumba yetu. Mama yake, tuliyemwita Mama Leo, alikaanga mihogo pembeni mwa soko. Leokadia alikuwa mwembamba, mweusi tii, mkimya, na alipozungumza lafudhi ya Kimakua ilimtoka waziwazi. Sisi watoto wa mjini tulimcheka. Nami nilipomtazama nikaona hana madhara, nikampenda kama mtu anavyompenda mtu asiyeshindana naye. Nilimpeleka kikundini kwa mkono wangu mwenyewe.

Tena nilimfundisha, mwanangu, hili usilisahau. Nilimfundisha kusimama bila kuyumba, na kutupa sauti mpaka imfikie yule wa benchi la mwisho anayekula karanga. Aliniita dada. "Dada Mwajuma, hivi?" "Dada Mwajuma, mkono niuweke wapi?" Nikimwonyesha, kesho yake anakuja anajua.

Jumapili ile ninayokuambia, mchezo ulikuwa wa kijana aliyechukuliwa vitani Burma asirudi. Mimi nilikuwa mchumba wake, nina nyimbo tatu. Leokadia alipewa sehemu ambayo hakuna aliyeitaka, ya mama mtu, kwa kuwa haina maneno. Mjumbe anakuja anatoa habari, mama anasikia, basi.

Ndiyo kwanza nimemaliza wimbo wangu, bado nimesimama jukwaani, mjumbe akatoa habari. Leokadia hakulia wala hakuanguka, kama sote tulivyozoea kufanya jukwaani. Aliliokota shati la mwanawe lililokuwa kwenye kiti, akalinyoosha juu ya mapaja, akaanza kulikunja. Akakunja mkono mmoja. Akakunja wa pili. Kisha akalikunjua, akaanza upya. Ukumbi mzima ulinyamaza mpaka nikasikia kengele ya baiskeli ya mtu aliyekuwa anapita nje. Halafu mama mmoja katikati ya watu akapiga ukunga, kumbe naye mwanawe alibaki Burma, na hapo ndipo makofi yalipolipuka.

Nami nilipiga makofi, nisije nikaonekana. Lakini kifuani kulikuwa na kitu kimekaa kama mwiba wa samaki, hakipandi wala hakishuki.

Tulipoingia nyuma ya jukwaa Leokadia alinikimbilia, jasho linamtiririka. "Dada, nimefanya kama ulivyonifundisha?"

Nikamwambia, "Umejitahidi. Ila ulikuwa taratibu mno. Watu walichoka."

Uso ukamshuka. "Nitajirekebisha, dada."

Pembeni alikuwepo Bi Mgeni, mjane mtu mzima, kiongozi wa ngoma za kina mama pale mtaani na mtunza mavazi yetu. Hakuwa amesoma hata herufi moja, lakini macho yake yalisoma watu. Akaniambia polepole, "Mwajuma, mbona unavua bangili kwa hasira? Utajiumiza mkono." Nikazivua zilizobaki, nikatoka.

Hasidi hana sababu, mwanangu. Leokadia hakuninyang'anya kitu. Sehemu zangu nilibaki nazo, nyimbo zangu nilibaki nazo. Lakini kuanzia siku ile, nikipita sokoni mtu akanisalimu, nilingoja aulize habari za "yule binti wa shati". Wakiuliza, siku yangu imeharibika. Wasipouliza, nilihisi wanamfikiria.

Miezi michache baadaye wakaja Wazungu wa sinema. Walitaka kupiga picha ya Kiswahili, na walikuwa wanatafuta msichana. Walimwambia Mwalimu Chilemba awaletee wawili watatu wawajaribu pale ukumbini. Mwalimu akaniita akiwa na haraka ya kwenda shule.

"Ni Jumamosi," alisema. "Wao wamesema saa tisa, lakini ni saa tisa yao, yaani saa tatu yetu, asubuhi. Mwambie na Leokadia."

Nikarudi nyumbani. Leokadia alikuwa uani anamenya mihogo na mama yake. Njia nzima sikuwa nimekusudia ubaya, naapa. Lakini alipoinua uso, mikono imejaa maganda ya mihogo, na bado nikaona kwamba uso ule utapendeza katika picha kuliko wangu, ulimi wangu ukasema wenyewe:

"Jumamosi, Wazungu wa sinema wanatujaribu. Saa tisa."

"Saa tisa alasiri?"

"Mwalimu kasema saa tisa."

Unaona uongo ulivyo na akili? Nilijitengenezea mlango wa kutokea. Nikiulizwa, nitasema nilielewa vibaya. Kosa la saa za Kizungu nani hajawahi kulifanya?

Jumamosi nilijaribiwa mimi na msichana mwingine wa Ilala, nikachukuliwa. Alasiri nilikuwa nimekaa barazani nasukwa, nikamwona Leokadia anatoka, amevaa gauni aliloazima kwa jirani, amejipaka mafuta mpaka miguuni. Akanipungia mkono. "Niombee, dada!" Nikamwitikia, "Haya, mdogo wangu, tangulia, nakuja." Baada ya nusu saa alirudi. Ukumbi aliukuta mtupu. Aliingia chumbani kwao, na hakutoka mpaka kesho yake.

Picha ile ilipigwa kwa wiki tatu, huko njia ya Pugu. Mtaa mzima ulijua. Baba aliwaambia wauza samaki wote. Ilipokamilika ikaja kuonyeshwa, nikavaa nguo za Idi na si Idi, nikakaa mbele. Mwanangu, katika picha nzima nilipita mara mbili. Mara ya kwanza nimebeba mtungi, mara ya pili nimesimama nyuma ya mbuzi. Maneno yangu yote walikuwa wameyakata. Watoto walinicheka mwezi mzima, wakiniita Mke wa Mbuzi.

Ungedhani aibu ile ingenifundisha. Wapi! Wivu hauna shukrani wala haushibi. Nilimchukia Leokadia zaidi, kana kwamba yeye ndiye aliyenikata.

Naye nyota yake ilikuwa bado inapanda. Bibi mmoja wa Kiingereza, aliyekuwa akisimamia michezo ya Wazungu wenzake mjini, alitaka msichana wa kuigiza yaya. Mwalimu Chilemba akampeleka Leokadia. Sehemu yenyewe ilikuwa ya kuleta chai na kuondoka. Sijui alileta chai vipi, maana sisi hatukuruhusiwa kuingia kutazama, lakini bibi yule aliporudi kwao hakumsahau. Haukupita mwaka, barua ikaja: kuna jumba la michezo London linamtaka, nauli imelipwa, akafundishwe na kuigiza huko.

Mtaa ulitikisika. Bi Mgeni na kina mama wa ngoma walimfunda kwa ajili ya safari. Fundi wa Mtaa wa Swahili alimshonea koti, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kuona baridi. Siku ya meli watu walikwenda bandarini kwa miguu, wengine wanaimba. Mimi nilisema nina homa. Nililala kitandani nimejifunika gubigubi, nikasikiliza nyumba ilivyo tupu. Kabla ya kuondoka Leokadia alikuja mlangoni.

"Dada, nakwenda. Mama yangu nakuachia wewe. Barua zangu wewe ndiye utakayemsomea."

Ndivyo nilivyokabidhiwa, mwanangu. Mama Leo hakujua kusoma. Barua zilikuja kwa sanduku la posta la Mzee Ratilal, Mhindu mwenye duka la vitambaa, maana sisi wa uswahilini nani alikuwa na sanduku? Mzee Ratilal akimwona Mama Leo anapita na beseni lake, anapaza sauti, "Mama, Londoni imefika!" Naye mama wa watu anakuja mbio kwangu, barua ameishika kwa ncha za vidole asiipake mafuta, anakaa chini kwenye mkeka, anafumba macho.

Barua ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza aliandika habari za baridi, chumba kidogo, mwenye nyumba asiyemsalimu, kuchekwa kwa Kiingereza chake. Ukurasa wa pili aliandika kwamba amecheza mbele ya watu mia kadhaa, wakasimama wakampigia makofi, na gazeti limemtaja. Nilisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti. Nilipogeuza nikaona neno "makofi", ule mwiba wa samaki ukanikaba. Nikasema, "Anakusalimu sana mama. Imekwisha."

Basi ikawa ndiyo desturi. Nilisoma baridi, nikaruka makofi. Alipoandika kwamba amelia, nilisoma. Alipoandika kwamba baadaye alicheka na wenzake mpaka mbavu zikauma, sikusoma. Kulikuwa na barua moja alisema, "Wananiuliza nani alinifundisha kusimama vile jukwaani, nawaambia ni dada yangu Mwajuma, yuko Kariakoo." Hata hiyo niliiruka! Niliona ananisimanga. Mtu mwenye kijicho ukimpa asali ataionja shubiri, si kwa ubaya wa asali.

Nilijiambia kwamba sidanganyi. Kila neno nililolisoma liliandikwa kweli. Lakini Mama Leo alianza kukonda. Mihogo ilimwungulia karaini. Aliuliza wapita njia, "Eti baridi ya Ulaya inaua?" Mwisho, baada ya mwaka na kitu, alikuja akaniambia:

"Mwanangu Mwajuma, andika. Mwambie arudi. Mwambie mama yake anaumwa, hata kama siumwi. Sitaki umaarufu, namtaka mtoto wangu hai."

Nikaandika. Nakiri mbele yako, sijawahi kuwa na mwandiko mzuri kama siku ile. Nilijua Leokadia anavyompenda mama yake. Akiipata ile atapanda meli ya kwanza. Nikaifunga, nikaiweka chini ya mto, kesho niipeleke posta.

Kesho yake asubuhi Bi Mgeni alikuwa amekaa barazani kwetu kabla sijafungua mlango.

"Shikamoo Bi Mgeni."

"Marahaba. Mama Leo kaniambia mnamwita mtoto arudi. Barua iko wapi?"

"Iko ndani. Naipeleka posta sasa hivi."

"Kailete."

Nikaileta. Akaitia kifuani ndani ya khanga yake, akanionyesha nafasi ya kukaa. Wapita njia walikuwa wanaelekea sokoni na vikapu vyao, yeye akisalimiana nao kana kwamba hatuna jambo. Kisha akasema:

"Juzi nilikuwa nimekaa nawe uani ulipomsomea. Mimi sijui kusoma, Mwajuma, lakini kuhesabu najua. Mtoto wa watu kajaza karatasi tatu, mbele na nyuma. Wewe umegeuza zote tatu, na maneno uliyoyatoa hayajai kiganja. Mengine umeyapeleka wapi?"

Nikainama, nikashika pindo la khanga yangu.

"Nilikuona siku ya bangili. Nikasema ni utoto, utamtoka. Siku ya sinema mtoto alipotoka saa tisa amejipamba na nyinyi mmesharudi, nikasema labda ni bahati mbaya. Leo nasema mwenyewe: nilikosea kunyamaza." Akanigeukia. "Ukimwonea wivu mwenzio kwa chakula chake, angalau njaa yako inajulikana. Wewe unamnyima mama asijue mtoto wake anashiba. Hiyo ni njaa gani?"

Nilianza kulia. Bi Mgeni hakunibembeleza.

"Machozi utamlilia Mama Leo, mimi usinilowanishie baraza. Sitakusema kwake, utajisema mwenyewe. Ukishindwa leo, utasema kesho, lakini jua kwamba kesho bei inapanda."

Akanyanyuka na ile barua, akaenda zake. Sijui aliichoma au aliichana.

Je, nilijisema? Hapana. Woga nao una hila zake. Nilimwendea Mama Leo nikamwambia, "Mama, nimegundua karatasi moja ilikuwa imegandamana na nyingine, sikuiona." Nikamsomea ile ya juzi yote, na makofi yake, na vicheko vyake, na jina la jumba la michezo. Mama Leo alifumbua macho. "Kumbe anacheka?" Akapiga vigelegele peke yake uani mpaka kuku wakatawanyika. "Basi usiipeleke barua! Mwache mtoto wangu acheze!" Tangu hapo nilisoma kila kitu kilichoandikwa. Nikadhani nimelipa. Nilikuwa nimeacha kuiba tu, mwanangu, sikuwa nimerudisha.

Ikaja barua ambayo Leokadia alisema ameigiza katika picha ya sinema ya Waingereza. Amepewa kuwa mganga wa kike, amechorwa uso, amevishwa mifupa. "Waliniambia niseme maneno yoyote ya Kiafrika, kwamba hakuna atakayejua maana yake," aliandika. "Mkisikia imefika Dar es Salaam nendeni mkaisikilize vizuri."

Picha yenyewe ilifika msimu wa masika, bonde la Jangwani limefurika, watu wanavuka na viatu mikononi. Hata hivyo siku ya onyesho la mchana, viti vya mbele, vile vya bei rahisi karibu kabisa na pazia, vilijaa Kariakoo yote. Mwalimu Chilemba alikuwepo, Bi Mgeni alikuwepo na kina mama wa ngoma. Mama Leo alikaa katikati yangu na Bi Mgeni, amevaa khanga ambayo bado ina gundi ya dukani. Wazungu na matajiri walikaa juu.

Picha ilikwenda, hatuelewi sana. Mzungu mmoja amepotea porini, amekamatwa, amefungwa kwenye mti. Ngoma zinalia. Mlango wa kibanda ukafunguka, na Leokadia akatoka. Nilimjua kwa anavyosimama. Alikuwa amesimama kama nilivyomfundisha uani kwetu. Akainua fimbo, akamkazia macho yule Mzungu, akanguruma kwa sauti ya kutisha:

"Mama! Shikamoo mama! Mimi mzima! Baridi ya huku inauma mpaka kwenye meno, lakini nimeizoea! Usikae juani na mihogo, mgongo wako mbovu! Dada Mwajuma, ahsante kwa kumsomea mama barua zangu! Mungu akulipe!"

Yule Mzungu kwenye picha alikuwa anatetemeka kama amelaaniwa yeye na kizazi chake. Sisi viti vya mbele tulilipuka. Watu walicheka, walilia, walirusha kofia. Mama Leo alisimama wima mbele ya pazia lile, kivuli chake kikaangukia miguuni mwa mwanawe, akaitikia kwa nguvu zake zote, "Marahaba mwanangu! Marahaba! Nimekusikia!" Kule juu Wazungu walikuwa wanainama kutuchungulia, hawaelewi tunalilia nini.

Na watu wakanigeukia mimi. "Hongera Mwajuma!" Huyu ananishika bega, yule ananipa mkono. "Umemtunza mama wa mwenzio!" Mama Leo akanikumbatia, machozi yake yananilowanisha shingo. Pembeni yake Bi Mgeni alikuwa ananitazama.

Maisha yangu yote ya jukwaani nilikuwa nimeyataka makofi kama yale. Nilipoyapata, nilitamani ardhi ipasuke.

Tulirudi kwa miguu, mimi na Mama Leo. Tulipofika katikati ya uwanja wa Mnazi Mmoja nilisimama. Nikapiga magoti kwenye tope, nikamwambia yote: saa tisa, kurasa, na jinsi nilivyofurahi kuandika ile barua ya kumwita.

Mama Leo alinitazama, wapita njia wanatukwepa.

"Kwa hiyo miezi yote ile niliyolia, mwanangu alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anacheka na kulia, mama. Mimi nilikusomea kulia tu."

Hakunipiga, hakunitukana. Alikwenda zake, akaniacha pale. Siku tatu hakunisemesha. Siku ya nne aliniita chumbani kwake, akatoa kopo la biskuti alimohifadhi barua zote, akaliweka mbele yangu.

"Anza na ya kwanza," alisema. "Ukifika mahali panapokuuma, soma kwa sauti zaidi."

Nilisoma siku mbili. Nilipofika penye jina langu, pale aliposema nani alimfundisha kusimama, nikainua uso. Mama Leo alingoja. Nikapasoma, kwa sauti zaidi.

Kisha nikamwandikia Leokadia mwenyewe, sikujitetea. Jibu lake lilikuwa fupi kuliko barua zake zote. Aliandika: "Dada Mwajuma, nimeisoma barua yako. Habari ya sinema nililia wiki, yamepita. Habari ya mama yangu, sijui nitakusamehe lini, sitaki kukudanganya. Endelea kumsomea. Sina mwingine."

Nikaendelea kumsomea mpaka Mama Leo alipofariki, miaka mingi baadaye, bendera nyingine inapepea. Leokadia alikuja mazishini, mwanamke mtu mzima, watu wanamnong'ona. Kule London alikuwa ameigiza vijakazi na waganga wasio na majina kwa miaka, mpaka alipoanza kupewa watu wenye majina, jukwaani na kwenye picha. Tulikaa matanga pamoja, tukalala mkeka mmoja. Tukawa ndugu tena, lakini udugu wenye mshono. Mshono huzuia nguo isichanike, ila mkono ukipita hapo unauhisi. Mimi nilibaki na Mwalimu Chilemba, nikaigiza mpaka nikawa wa kuigiza kina bibi, na wasichana wengi wa Kariakoo nimewafundisha kusimama. Riziki yangu ilikuwepo muda wote, nami nilikuwa nimeipa mgongo nikichungulia ya jirani.

Sasa sikiliza, mwanangu. Usisafirie nyota ya mwenzio. Wivu kuja si dhambi, unaweza kumwingilia hata mcha Mungu. Dhambi ni kuutandikia mkeka. Ukiuona umefika, utaje jina lake mbele ya mtu unayemwamini, maana unapenda kujiita majina mengine. Kwangu ulijiita haki, ukajiita huruma kwa Mama Leo, ukajiita kusahau. Na mwenzio akifanya vizuri, mwambie siku hiyohiyo, kwa mdomo wako, kabla sifa yake haijakuozea kinywani. Neno lile dogo, "umefanya vizuri, mdogo wangu," lingeniokolea miaka. Na ukishakosa, usiridhike kwa kuacha tu. Nenda kaseme, hata kama hutasamehewa. Aliyekosewa ana haki ya kujua alichonyang'anywa.

Mwenyezi Mungu akupe kilicho chako na akutie nuru ya kukitambua kikiwa bado mkononi. Akupe jicho la kufurahia cha mwenzio, na ulimi wa kusoma barua ya watu mpaka mstari wa mwisho. Nenda salama mwanangu, na unaowaacha nyuma wawe katika mikono ya kuaminika. Amina.